Ripoti za Wataalamu wa Vikwazo wa Umoja wa Mataifa: Huduma ya Bure kwa Anayetaka Kujua Nani Yuko Nyuma ya Waasi

Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa linapoweka vikwazo vya silaha katika nchi yenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, mara nyingi huunda pia jopo dogo la wataalamu, kwa kawaida watu watano au sita, ambao kazi yao ni kuchunguza nani anavunja vikwazo hivyo na kuandika walichokiona. Ripoti zao huwekwa kwenye tovuti ya Umoja wa Mataifa bila malipo na bila sharti la kujisajili, na kwa takriban robo karne zimekuwa chanzo kikuu cha umma kuhusu jambo ambalo serikali hulificha kuliko mengine mengi, yaani silaha, fedha, mafunzo na hata wanajeshi ambao nchi moja huwapelekea waasi wa nchi nyingine. Ninazitathmini hapa kama huduma kwa msomaji wa kawaida, wala si kama chombo cha wanadiplomasia. Kwa maoni yangu hakuna huduma nyingine inayozikaribia kwa ubora, mradi msomaji ajue kutofautisha kurasa zinazofuata mzigo na kurasa zinazofuata maneno ya watu, kwa sababu ripoti hizi ni imara sana katika la kwanza na huyumba katika la pili.

Thamani yake huonekana mtu akikumbuka hali ilivyokuwa kabla hazijakuwapo. Chama cha waasi cha RENAMO nchini Msumbiji kiliasisiwa kwa mkono wa idara ya ujasusi ya Rhodesia katika miaka ya 1970, na Rhodesia ilipogeuka Zimbabwe mwaka 1980 kikachukuliwa na jeshi la Afrika Kusini. Tarehe 16 Machi 1984 Samora Machel na P. W. Botha walitia saini Mkataba wa Nkomati, ambao ndani yake kila upande uliahidi kutowasaidia wapinzani wa mwenzake wenye silaha. Msumbiji ilibana shughuli za ANC, chama kilichopinga serikali ya kibaguzi ya Afrika Kusini, katika ardhi yake, lakini RENAMO haikupungua nguvu, na serikali ya Maputo ilikuwa na shaka nyingi pasipo hata karatasi moja mkononi. Karatasi zilipatikana Agosti 1985, majeshi ya Zimbabwe na Msumbiji yalipoteka makao makuu ya RENAMO huko Casa Banana, Gorongosa, na kukuta shajara na nyaraka zilizoonyesha kwamba maofisa wa Afrika Kusini walikuwa wameendelea kukutana na viongozi wa waasi na kuwapelekea vifaa baada ya mkataba. Pik Botha, waziri wa mambo ya nje wa Afrika Kusini, alilazimika kukiri ukiukaji, ingawa alisema ulikuwa wa kiufundi tu. Kama ngome ile isingeanguka, au kama mwandishi wa shajara angeichoma moto kabla ya kukimbia, kanusho la Pretoria lingesimama kwa miaka mingi zaidi.

Kwingineko hata bahati ya namna hiyo haikuwapo. Sudan na Uganda zilitumia sehemu kubwa ya miaka ya 1990 zikiwahifadhi waasi kila moja dhidi ya mwenzake, Khartoum ikiwa na LRA, waasi wa kaskazini mwa Uganda, na Kampala ikiwa na SPLA, waasi wa kusini mwa Sudan, mpaka zikaafikiana jijini Nairobi Desemba 1999 kwamba kila moja iache, na hakukuwa na chombo chochote huru kilichopewa kazi ya kuhesabu nini kilitoka wapi. Msaada wa Marekani kwa UNITA, waasi wa Angola, ulikuwa siri ya ajabu kidogo, kwa kuwa Bunge la Marekani lilifuta hadharani mwaka 1985 katazo la msaada huo la mwaka 1976, na kiongozi wa UNITA Jonas Savimbi akapokewa Ikulu ya Washington na Ronald Reagan Januari 1986, ilhali njia za mizigo na idadi zake zilibaki katika makabati yaliyofungwa.

Ni Angola hiyohiyo iliyoizaa huduma ninayoizungumzia. Baraza la Usalama lilikuwa limeiwekea UNITA vikwazo vya silaha na mafuta mwaka 1993, vya safari mwaka 1997 na vya almasi mwaka 1998, na vyote vilikuwa vikivunjwa bila aibu. Balozi wa Kanada Robert Fowler, aliyeongoza kamati ya vikwazo hivyo, alisukuma jopo la uchunguzi liundwe mwaka 1999, na ripoti yake ikatolewa Machi 2000 ikiwa na namba S/2000/203. Jambo lililowashtua wanadiplomasia ni kwamba ripoti hiyo iliwataja kwa majina marais waliokuwa madarakani, Gnassingbé Eyadéma wa Togo na Blaise Compaoré wa Burkina Faso, kuwa waliisaidia UNITA, na ikaeleza jinsi hati za mtumiaji wa mwisho zilivyotolewa kwanza na Zaire ya Mobutu na baadaye na Togo. Hati hiyo ni karatasi ambayo serikali inayonunua silaha humhakikishia muuzaji kwamba itazitumia yenyewe. Serikali zilizotajwa zilikanusha. Msomaji wa leo atakuta sehemu kubwa ya ripoti hiyo imeegemea ushuhuda wa waliokuwa maofisa wa UNITA waliokimbia, na hapo inapaswa kusomwa kwa tahadhari, ijapokuwa mantiki ya biashara iliyoelezwa, almasi zikitoka na risasi zikiingia, haijatikiswa na mengi yaliyojulikana baada ya Savimbi kuuawa Februari 2002.

Kazi bora kabisa katika mfululizo huu, kwa maoni yangu, ni ile iliyofuata miezi michache baadaye kuhusu Sierra Leone, iliyotolewa Desemba 2000 kwa namba S/2000/1195. Waasi wa RUF walikuwa wamevuka kutoka Liberia Machi 1991, na kila mtu katika Afrika Magharibi alijua kwamba Charles Taylor, kiongozi wa waasi wa Liberia aliyekuja kuwa rais wake, alikuwa nyuma yao, lakini kujua ni jambo moja na kuonyesha ni jingine. Wataalamu waliamua kuufuata mzigo mmoja hatua kwa hatua. Machi 1999 ndege kubwa ya mizigo aina ya Antonov 124 ilitua Ouagadougou ikiwa na tani 68 za silaha kutoka Ukraine, zikiwa zimenunuliwa kwa hati ya mtumiaji wa mwisho iliyotolewa kwa jina la Burkina Faso na yenye ahadi kwamba hazitauzwa tena kwingine. Ndani ya siku chache silaha hizo zilianza kuhamishiwa Liberia kwa safari za kupokezana za ndege ndogo zaidi, aina ya BAC-111, iliyokuwa ya mfanyabiashara Leonid Minin. Ukraine ilitoa nakala ya hati, kumbukumbu za safari za ndege zikatoa tarehe, na Burkina Faso ilipokana, kanusho lake lilibidi lipambane na karatasi yake yenyewe. Hakuna shahidi mmoja ambaye hoja yote inamtegemea, na ndiyo maana sehemu hiyo bado inasimama.

Matokeo yake pia yalikuwa ya haraka kuliko kawaida. Machi 2001 Baraza lilipitisha azimio namba 1343, ambalo liliiwekea Liberia vikwazo kwa sababu ya kuwasaidia RUF, yaani nchi iliadhibiwa kwa kuchochea vita vya jirani yake. Taylor mwenyewe alihukumiwa na Mahakama Maalumu ya Sierra Leone Aprili 2012 kwa kusaidia na kushiriki kupanga uhalifu uliofanywa na waasi, akapewa kifungo cha miaka 50, na rufaa yake ikakataliwa Septemba 2013. Mahakama ilifanya uchunguzi wake kwa vigezo vyake, kwa hiyo isidhaniwe kwamba ripoti ndiyo iliyomfunga. Lakini mtu akisoma hukumu na ripoti kwa pamoja ataona jinsi ramani iliyochorwa mwaka 2000 ilivyokuwa sahihi.

Inafaa kusema kidogo jinsi ripoti hizi zinavyotengenezwa, kwa kuwa nguvu na udhaifu wake vyote vinaanzia hapo. Wataalamu huteuliwa na Katibu Mkuu kwa mikataba mifupi, kila mmoja kwa fani yake: silaha, fedha, madini, vikundi vyenye silaha, masuala ya kibinadamu. Hawana mamlaka ya kumlazimisha mtu kusema, kupekua ghala wala kufungua kreti uwanjani. Huandika barua kwa serikali, makampuni na viwanda vya silaha wakiomba maelezo, na kutojibiwa nako huandikwa. Wanachokisema si hukumu, na wao wenyewe hurudia jambo hilo. Kazi hiyo pia ina hatari ambayo msomaji aliyeketi mezani huweza kuisahau: Machi 2017 wataalamu wawili wa kundi la Kongo, Michael Sharp na Zaida Catalán, waliuawa wakiwa katika uchunguzi huko Kasai.

Kongo ndiko huduma hii ilikofanya kazi kwa muda mrefu zaidi na ndiko inakostahili kupimwa kwa makini. Vita vilivyoanza Agosti 1998 vilikuwa na waasi wa RCD wakiungwa mkono na Rwanda na waasi wa MLC wa Jean-Pierre Bemba wakiungwa mkono na Uganda, mpaka majeshi ya wafadhili hao wawili yakapigana yenyewe kwa yenyewe mjini Kisangani, pigano kali zaidi likiwa la siku sita Juni 2000. Jopo la kwanza halikupewa kazi ya kuchunguza silaha bali uporaji wa maliasili, na ripoti yake ya Aprili 2001, S/2001/357, ilihoji kama vita bado vilikuwa na sababu ya kiusalama au vilikuwa vimegeuka njia ya kujilipia. Kwa viwango vya baadaye ripoti hiyo ina mapengo. Baadhi ya tuhuma zilitolewa kwa haraka, na iliyofuata ya Oktoba 2002 ilileta ugomvi mkubwa kwa kuorodhesha makampuni mengi, ambayo baadhi yake yalilalamika kwamba hayakupewa nafasi ya kujieleza.

Hata hivyo, kuna mkasa mmoja uliotokana nayo ambao haukupewa uzito unaostahili. Ikijibu ripoti ya Aprili 2001, Uganda iliunda tume yake ya uchunguzi chini ya Jaji David Porter, pengine kwa matumaini ya kujisafisha. Kongo ilipoifikisha Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, majaji waliuchukulia ushahidi uliokusanywa na tume ya Porter kuwa wa kuaminika, na katika hukumu ya tarehe 19 Desemba 2005 walisema Uganda ilikiuka sheria ya kimataifa, pamoja na mengine kwa kuvipa vikundi vya waasi ndani ya Kongo msaada wa kijeshi, wa vifaa, wa kiuchumi na wa kifedha. Fidia ilikadiriwa baadaye sana, Februari 2022, kuwa dola milioni 325 za Marekani. Kwa upande wa Rwanda njia hiyo ilifungwa mapema, kwa kuwa Februari 2006 mahakama hiyohiyo ilisema haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya Kongo dhidi yake, na tangu hapo mzigo wa kueleza kinachotendeka mashariki mwa Kongo umebaki kwa kiasi kikubwa mabegani mwa wataalamu wa vikwazo.

Kundi la Wataalamu la sasa liliundwa kwa azimio namba 1533 la Machi 2004. Desemba 2008 liliandika kwamba Rwanda iliwasaidia waasi wa CNDP wa Laurent Nkunda, na katika ripoti hiyohiyo likaandika kwamba jeshi la Kongo lilishirikiana na FDLR, kundi ambalo Rwanda inalitaja kuwa tishio kwa uhai wake kwa sababu ya mizizi yake katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Uholanzi na Uswidi zilisimamisha misaada kwa Rwanda, na Januari 2009 Nkunda alikamatwa ndani ya Rwanda. Ninaipenda ripoti hiyo kwa sababu pande zote mbili zilipimwa kwa kipimo kimoja, jambo ambalo mabishano ya kila siku kuhusu vita hivi huwa hayavumilii.

Ripoti iliyotikisa zaidi ilikuwa ya mwaka 2012. Waasi wa M23 walipoibuka, wataalamu waliandaa nyongeza maalumu, S/2012/348/Add.1, ambayo ilitolewa mwishoni mwa Juni baada ya mvutano ndani ya Baraza kuhusu kuchapishwa kwake. Ilieleza kwamba maofisa wa Rwanda waliandikisha askari kwa ajili ya waasi, wakawapa silaha na wakashiriki mapigano, na ikawataja maofisa wa juu, akiwamo waziri wa ulinzi James Kabarebe. Rwanda ilikanusha kwa waraka mrefu, ikasema haikupewa nafasi ya kujibu kabla ya kuchapishwa, na ikawashambulia wataalamu binafsi. Lalamiko la kutopewa nafasi lilikuwa na uzito, kwa kuwa haki ya kujibu ni sehemu ya uzuri wa kazi kama hii. Wataalamu walikutana na Kigali baadaye, wakapitia pingamizi, na katika ripoti ya mwisho ya Novemba wakasema hawakuona sababu ya kubadilisha walichokiandika. M23 waliiteka Goma tarehe 20 Novemba 2012. Uingereza ilizuia pauni milioni 21, nchi nyingine nazo zikapunguza misaada, na kufikia Novemba 2013 kundi hilo lilikuwa limeshindwa vitani.

Atakayeisoma nyongeza hiyo leo aanzie viambatisho, yaani picha za sare, za risasi na za vifaa, kisha ndipo arudi kwenye maelezo ya askari waliotoroka. Askari aliyetoroka anaweza kuwa mkweli kabisa, na anaweza pia kuwa amepikwa na upande uliompokea. Wataalamu huhoji wengi na kulinganisha, lakini majina hufichwa kwa usalama wao, kwa hiyo msomaji hana njia ya kuhakiki. Kinyume chake, picha ya ganda la risasi na majibu ya kiwanda kilichoitengeneza vinaweza kupingwa na yeyote mwenye ujuzi, na kwa sababu hiyo vina uzito zaidi visipopingwa.

Ripoti za kipindi kipya cha M23, baada ya kundi hilo kurudi vitani mwishoni mwa 2021, zimeboreka sana kwa upande huo. Ripoti ya katikati ya 2024, S/2024/432, ilitumia picha za angani na kumbukumbu za mienendo ya vikosi kukadiria kwamba wanajeshi wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa ndani ya Kivu Kaskazini, idadi isiyo chini ya ile ya wapiganaji wa M23 wenyewe, na ikasema jeshi la Rwanda ndilo lililokuwa likiongoza operesheni zao kwa vitendo. Iliandika pia kwamba idara ya ujasusi wa kijeshi ya Uganda iliwapa M23 msaada, na kwamba jeshi la Kongo liliendelea kuwatumia FDLR na vikundi vya Wazalendo, yaani wanamgambo wanaoiunga mkono serikali ya Kongo. Rwanda husema inachukua hatua za kujilinda, na Uganda ilikanusha. Ripoti ya Desemba mwaka huo ikageukia fedha: ilikadiria kwamba M23 walikuwa wakipata takriban dola 800,000 kwa mwezi kutokana na ushuru wa koltani, madini yanayotumika katika vifaa vya elektroniki, katika eneo la Rubaya, na kwamba tani zisizopungua 150 zilipelekwa Rwanda kinyume cha utaratibu na kuchanganywa na madini ya huko. Sura hizo za madini ndizo ningemshauri mtu asizipite, hata kama zinachosha, kwa kuwa zinaeleza kwa nini ufadhili wa uasi unaweza kuendelea hata misaada ya wahisani ikikatwa.

Kasi ya Baraza, hata hivyo, haiendani na kasi ya ripoti. Mwaka 2012 wahisani walichukua hatua ndani ya wiki chache. Safari hii Goma ilianguka Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, ndipo azimio namba 2773 la tarehe 21 Februari likaitaka Rwanda kwa jina iache kuwaunga mkono M23 na iondoe majeshi yake. Wataalamu walikuwa wameshaandika kuhusu uingiliaji wa moja kwa moja tangu Desemba 2022. Mwenye kutafuta huduma inayozuia vita ataondoka mikono mitupu.

Si kila ripoti ilitoka nzuri. Ya Somalia ya mwaka 2006 ilidai kwamba wapiganaji wa Kisomali wapatao 720 walipelekwa Lebanon kupigana pamoja na Hizbullah, na kwamba watu wa Iran walikuwa wakitafuta urani Dhusamareb, madai ambayo wajuzi wa Somalia waliyadhihaki na ambayo hayakupata ushahidi baadaye. Sehemu nyingine za ripoti hiyo, zilizohusu nchi jirani zilizomwaga silaha kwa pande zote, zilikuwa na msingi bora zaidi, lakini zilizama katika kejeli iliyofuata. Nadhani kosa lilikuwa ni kuziacha taarifa za kijasusi ziingie kwenye maandishi bila kufuatwa na mzigo wowote unaoonekana.

Ripoti ya Sudan ya Januari 2024, S/2024/65, inakaa katikati. Ilieleza safari nyingi za ndege za mizigo kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu kwenda Amdjarass, mashariki mwa Chad, na ikasema madai kwamba zilibeba silaha za RSF, kikosi kinachopigana na jeshi la Sudan, mara kadhaa kwa wiki, yalikuwa ya kuaminika. Serikali ya Falme hizo ilijibu kwamba ndege zilibeba misaada ya kibinadamu na vifaa vya hospitali kwa ajili ya wakimbizi. Neno "ya kuaminika" limepimwa kwa mizani, na msomaji asiligeuze kuwa "yamethibitishwa", kama yalivyofanya magazeti mengi, wala asiligeuze kuwa si kitu. Sudan ilijaribu kulipeleka suala hilo mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo Mei 2025 iliifuta kesi kwa kukosa mamlaka bila kugusa ukweli wa tuhuma, na hivyo ripoti imebaki kuwa mojawapo ya maandishi machache rasmi yanayoweza kunukuliwa. Kuhusu Libya nitasema machache tu: wataalamu waliwataja Jordan, Uturuki na Umoja wa Falme za Kiarabu mwaka 2019 kuwa walipeleka silaha mara kwa mara, na Machi 2021 wakaandika kwamba vikwazo vyenyewe havikuwa vikifanya kazi hata kidogo. Uwazi wa namna hiyo kutoka kwa watu ambao ajira yao inategemea vikwazo unapendeza.

Kasoro kubwa za huduma hii haziko kwa waandishi. Kamati inayopokea ripoti ina wajumbe wote 15 wa Baraza na huamua kwa maafikiano, kwa hiyo mwenye rafiki ndani ya chumba anaweza kuichelewesha. Jopo lenyewe linaweza kufutwa kwa kura moja, kama Mali ilivyoshuhudia Agosti 2023 Urusi ilipotumia veto. Pasipo na vikwazo hapana jopo, na ndiyo sababu mtu hataona ripoti ya aina hii kuhusu vita vya Tigray nchini Ethiopia, ingawa Eritrea ilipigana humo upande wa serikali. Mamlaka ya majopo huwalenga mno wanaowapa waasi silaha, huku wanaozipa serikali silaha zinazowaua raia walewale wakiguswa tu pale vikwazo vinapoihusu nchi nzima. Wajumbe watano wa kudumu huonekana mara chache kuliko uzito wao katika biashara ya silaha, ijapokuwa Libya ilileta tofauti pale wataalamu walipoandika kuhusu mamluki wa Urusi wa kundi la Wagner.

Kasoro nyingine ni ya lugha. Ripoti hutolewa kwa lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, na Kiswahili hakimo. Mashahidi wengi wa Kivu na Ituri hutoa habari zao kwa Kiswahili, kisha habari hizo husomwa kwa Kiingereza na Kifaransa na watu wa mbali, hali wao wenyewe wakisubiri muhtasari wa redio. Kwa chombo ambacho hukusanya habari zake huko, kutafsiri angalau muhtasari wa kurasa tatu si gharama ya kuvunja bajeti. Tovuti nayo haimsaidii mgeni: bila namba ya waraka utafutaji hupotea katika barua za mabalozi, na viambatisho, ambavyo ndivyo moyo wa kazi, mara nyingine huwa vimechapishwa kwa picha hafifu kiasi kwamba namba iliyogongwa kwenye bunduki haisomeki.

Kwa anayeanza, ningemwelekeza kwenye ripoti ya Sierra Leone ya mwaka 2000 kwanza, kwa sababu ya mzigo ule wa tani 68, kisha nyongeza ya Kongo ya 2012 pamoja na kanusho la Rwanda, zikisomwa bega kwa bega, kisha S/2024/432. Ya Somalia ya 2006 isisomwe peke yake. Isomwe pamoja na ripoti za baadaye za kundi lililorithi kazi hiyo, ambazo kwa miaka kadhaa mfululizo zilisema hazikupata ushahidi kwamba Eritrea, iliyowekewa vikwazo Desemba 2009 kwa tuhuma za kuwasaidia waasi wa Somalia, ilikuwa bado inaisaidia al-Shabaab, mpaka Novemba 2018 Baraza likaviondoa.